Tiketi ya bei nafuu au pakeji: familia ichukue ipi kwa likizo ya Ulaya?

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza swali hili wana simu mkononi na wanataka kulipa usiku huohuo. Ukisafiri peke yako, au mkiwa wawili wenye mabegi ya mgongoni, nunua tiketi tupu, yaani ya ndege peke yake, kwa shirika la bei nafuu kama Ryanair, easyJet au Wizz Air. Ukisafiri na watoto wakati shule zimefungwa, au ukiwa na mzee, chukua pakeji: ndege, hoteli na gari la kuwatoa uwanjani, vyote ndani ya mkataba mmoja, kutoka TUI, Jet2holidays au kampuni ya namna hiyo. Na kama pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo na unahitaji viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, soma kwanza sehemu ya viza huko chini kabla hujatoa hata pauni moja.

Naandika nikiwa Uingereza, ambako ushindani wa makundi haya mawili ni mkali kweli. Aliye Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji atakuta majina tofauti, lakini sheria nyingi nitakazozitaja zina chimbuko moja na za kwake.

Hesabu ya shemeji

Shemeji yangu anaishi Leicester na ana watoto wawili. Januari alinipigia simu kwa furaha: "Shemeji, nimeona Majorca pauni arobaini na tano kwenda! Kwa nini nikawape watu wa pakeji mapesa yote yale?" Nilimwomba achukue kalamu. Bei alizoandika zilikuwa za jioni ile, na zako hazitafanana nazo, ila njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Watu wanne, kwenda na kurudi, pauni 45 kila upande: 360. Kwa bei hiyo kila mtu anapata begi dogo la kuingia chini ya kiti, basi. Vipimo vyenyewe havilingani kati ya shirika na shirika. easyJet inaruhusu sentimita 45 kwa 36 kwa 20, Ryanair inaruhusu dogo kuliko hilo, kwa hiyo begi lililopita mwaka jana kwa mmoja linaweza kukamatwa getini kwa mwingine. Familia haimalizi wiki kwa mabegi hayo. Akaongeza masanduku mawili, pauni 40 kila moja kwa kila safari: 160. Kuchagua viti ili wakae pamoja: 80. Gari la kutoka uwanjani hadi hotelini na kurudi: 100. Imeshafika 700, karibu mara mbili ya ile 360, na bado hawajapata pa kulala. Hoteli aliyoipenda ilitaka 900. Jumla 1,600.

Tukafungua pakeji ya hoteli ileile, wiki ileile, masanduku na gari vikiwemo: 1,750.

Alinyamaza kidogo. Kumbe tofauti aliyodhani ni ya mamia kwa mamia ilikuwa pauni 150 kwa watu wanne. Kuanzia hapo mazungumzo yetu yakawa juu ya kitu kimoja tu: hizo 150 zinanunua nini?

Kabla sijalijibu hilo, tahadhari moja. Si kila pakeji ina sanduku na gari. Jet2holidays huweka kilo 22 na usafiri wa kutoka uwanjani, easyJet holidays huweka kilo 23 kwenye pakeji zake za ufukweni, lakini zipo pakeji za kampuni nyingine zenye begi la mkononi peke yake. Ukiona bei iko chini mno, fungua orodha ya vilivyomo uisome mpaka mwisho.

Kuna pia namna ya kulipa. Tiketi ya bei nafuu unailipa yote palepale. Pakeji unaishika kwa arubuni, kwa Jet2holidays imekuwa pauni 60 kwa mtu, na inayobaki unaimaliza wiki kadhaa kabla ya safari. Kwa sisi ambao kila mwezi kuna ada ya mpwa au dawa za mama za kutuma nyumbani, nafasi hiyo ya kupumua ina thamani, hata kama haionekani kwenye bei.

Walivyofika hapa

Mwaka 1950 Vladimir Raitz, kwa kampuni yake Horizon, alikodi ndege kutoka Gatwick kwenda Calvi, kisiwa cha Corsica, akauza wiki mbili kwa pauni 32 na shilingi 10. Nauli, hema na chakula vyote vilikuwa ndani. Wakati huo mashirika makubwa yalilindwa na serikali zao, kwa hiyo mwenye ndege ya kukodi alipata mwanya wa kuuza kiti kikiwa kimefungwa pamoja na malazi. Hesabu yake ilisimama juu ya jambo moja: ndege isiruke tupu. Inawashusha wageni wapya, inawabeba wa wiki iliyopita. Ndiyo sababu mpaka leo pakeji nyingi ni za usiku 7 au 14, na ukitaka usiku 5 unaona chaguo zinapungua.

Ulaya ikafungua anga lake kwa hatua, ya mwisho mwaka 1997. Ryanair ilikuwa imeshaiga mtindo wa Southwest, shirika la bei nafuu la Texas, Marekani, na easyJet ilianza Novemba 1995 kutoka Luton kwenda Glasgow kwa pauni 29, namba ya simu ya kununulia tiketi ikiwa imepakwa ubavuni mwa ndege. Hakuna wakala wa katikati, chakula unalipia, ndege ikitua inageuzwa upesi iruke tena. Ndani ya miaka michache walikuwa wameingia Malaga, Alicante, Faro na Palma, mashamba yaliyokuwa ya watu wa pakeji.

Walioumia zaidi ni waliokwama katikati. Monarch ilizaliwa kwenye ndege za kukodi, ikageukia kuuza viti tupu, ikafa tarehe 2 Oktoba 2017. Air Berlin, nayo iliyokua kwa kuwapeleka Wajerumani Majorca, iliruka mara ya mwisho mwezi huohuo. Thomas Cook, kampuni iliyoanza mwaka 1841 kwa kusafirisha watu kwa treni kutoka Leicester kwenda Loughborough, ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 ikiwa na madeni makubwa na mamia ya maduka ya mitaani ya kulipia kodi. Kilichofuata kinaonyesha vizuri pande hizi zilivyochanganyika. easyJet ilinunua nafasi zake za kuruka na kutua Gatwick na Bristol kwa pauni milioni 36, na Novemba ileile ikazindua upya easyJet holidays. Jet2 ilikuwa imeshapita njia hiyo zamani: ilianza 2003 pale Leeds Bradford kama shirika la bei nafuu, ikafungua upande wa pakeji mwaka 2007, na sasa ndiyo yenye leseni ya kubeba wateja wengi zaidi wa pakeji Uingereza, mbele ya TUI.

Kwa hiyo leo mnaweza kukaa safu moja ya viti, wewe una tiketi tupu, jirani yako ana pakeji ya kampuni hiyohiyo. Rubani mmoja, mabawa mamoja, ila haki zenu ni tofauti.

Siku mambo yakiharibika

Asubuhi ile Thomas Cook ilipoanguka, Waingereza zaidi ya 150,000 walikuwa ng'ambo. Mamlaka ya anga ya Uingereza ilikodi ndege kutoka huku na huko ikawarudisha, na waliokuwa na pakeji hoteli zao zililipwa. Fedha za kazi kama hiyo hutoka kwenye mfuko wa ATOL, mpango wa Uingereza wa kuwalinda wateja wa pakeji za ndege ulioanza mwaka 1973, ambao kila mteja wa pakeji ya ndege huchangiwa pauni 2.50 ndani ya bei yake. Ukilipa pakeji Uingereza ni lazima upewe cheti cha ATOL. Usipokipata, kidai siku hiyohiyo.

Sasa weka kando yake WOW air ya Iceland, shirika la bei nafuu lililosimama ghafla Machi 2019, au Flybe ya Uingereza Machi 2020. Abiria waliambiwa watafute njia yao ya kurudi nyumbani. Kuna watakaosema Monarch ilipofilisika serikali iliwarudisha wote, hata wasio na cheti. Ni kweli, lakini huo ulikuwa uamuzi wa dharura wa siku ile. Usijenge likizo ya watoto wako juu ya huruma ya waziri.

Mwenye tiketi tupu ana ngao mbili. Ya kwanza ni kadi ya mkopo: sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 inaibana benki iwajibike pamoja na muuzaji, ikiwa ulichonunua kinazidi pauni 100 na hakipiti 30,000. Angalia hiyo 100. Tiketi ya pauni 45 haifiki. Ya pili ni bima ya safari yenye kipengele kinachotaja kufilisika kwa shirika la ndege. Bima nyingi za bei ndogo hazina.

Kufilisika, hata hivyo, ni nadra. Linalotokea mara nyingi zaidi ni kama hili la Rhodes, kisiwa cha Ugiriki. Julai 2023 moto wa msituni uliwalazimisha watu wapatao 19,000 kuhamishwa kisiwani humo. TUI na Jet2 zilisitisha kupeleka wageni wapya na kutuma ndege za kuwarudisha wateja wao. Kwa mwenye pakeji, sheria ya Uingereza ya pakeji ya mwaka 2018 iko wazi: balaa kubwa ikitokea huko unakokwenda na safari yenyewe ikaharibika, unaweza kuifuta bila faini na kurudishiwa pesa ndani ya siku 14. Ukiwa umeshafika na huwezi kurudi, kampuni inakugharamia malazi hadi usiku 3. Mwenye tiketi tupu yuko mahali pagumu: ndege ikiruka kama ilivyopangwa, shirika limetimiza ahadi yake. Kwamba hoteli uliyoilipia imezungukwa na moshi ni jambo lako na mwenye hoteli.

Hapo ndipo zilipo zile pauni 150 za shemeji. Unamnunua mtu mmoja wa kumpigia simu.

Kuna jambo wengi hulikosea: fidia ya kuchelewa haibagui. Ndege inayoondoka Uingereza ikikufikisha saa 3 au zaidi baada ya muda uliopangwa, kwa kosa la shirika na si hali ya hewa, unadai pauni 220, 350 au 520 kulingana na umbali, uwe na pakeji au tiketi tupu. Na hata kosa likiwa si la shirika, chakula na malazi ya kusubiri ni juu yake. Ryanair ililipinga hilo baada ya majivu ya volkeno ya Iceland ya mwaka 2010, na mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua dhidi yake mwaka 2013.

Mimi mwenyewe nimeumwa na pande zote mbili, nisionekane nimenunuliwa. Mwaka mmoja tulichukua tiketi tupu, ndege ya usiku, tukatua baada ya saa 6 usiku kwenye uwanja uliokuwa mbali na mji kuliko nilivyodhani. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Teksi ilitaka pesa zaidi ya tulizolipa nauli, na hoteli ilikuwa imefunga mapokezi. Wanangu walilala sakafuni juu ya makoti yetu mpaka alfajiri. Hakuna aliyevunja mkataba wowote usiku ule, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka mwingine tulikuwa na pakeji, tukafika hotelini tukakuta bwawa limekaushwa, mafundi wanapiga nyundo tangu saa 1 asubuhi. Nililalamika kwa mwakilishi wa kampuni, nikapiga picha, nikaandika barua pepe siku ileile. Kesho yake jioni tulihamishiwa hoteli nyingine. Haikuwa nzuri kama tuliyoichagua, na ile siku moja na nusu haikurudi, lakini niliweza kumdai mtu.

Uwanja na saa

Kwa hiyo kabla ya kufurahia jina la mji kwenye tiketi, tafuta uwanja wenyewe uko wapi. Frankfurt-Hahn uko kilomita zipatazo 120 kutoka Frankfurt. Beauvais unaouzwa kama Paris uko kama kilomita 85 kutoka mjini. Bergamo si Milan. Viwanja hivi ni vya ada ndogo na havina msongamano, na ndiyo siri moja ya nauli kuwa chini. Nauli ya basi na saa za njiani unazibeba wewe.

Upande wa bei nafuu, nao una uhuru ambao pakeji haikupi. Unaenda Alhamisi, unarudi Jumatatu. Unalala kwa rafiki, unakula mtaani, unahama mji katikati ya wiki. Kwa mwenye ndugu Brussels au Stockholm ya kuwatembelea, pakeji haina maana yoyote, hoteli ya nini? Na kuna hoteli za pakeji, hasa zile ambazo kila kitu kimelipiwa, ambamo unaweza kumaliza wiki bila kusalimiana na mwenyeji hata mmoja. Mimi sipendi watoto wangu waijue Ugiriki kwa meza ya bufee tu.

Bei za Agosti, kwa wenye watoto wa shule, ni kali kotekote. England faini ya kumtoa mtoto darasani bila ruhusa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa mapema. Wapo wanaoiweka kwenye hesabu ya likizo na kuona bado wana faida. Siwashauri hivyo, faini inayorudiwa ina matokeo makubwa zaidi.

Viza

Hapa ndipo ushauri wa wenzetu wenye pasipoti za Ulaya haututoshi. Ombi la viza ya Schengen linataka uthibitisho wa safari ya kwenda na kurudi na wa malazi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe zaidi ya siku 15 kabla ya kuondoka. Wiki za kuelekea Julai miadi huwa ya kugombaniwa.

Barua moja ya pakeji inaonyesha ndege, hoteli, tarehe na majina yote. Na kwa kuwa umetoa arubuni tu, viza ikikataliwa unachopoteza ni arubuni, mradi uwe umeomba mapema kabla ya siku ya kumalizia deni. Ukiwa na tiketi tupu ya bei nafuu, umeshalipa yote na kwa kawaida hairudishwi. Zaidi ya hapo, sheria ya pakeji inakuruhusu kumwachia mtu mwingine nafasi yako ukitoa taarifa siku 7 kabla, kwa kulipa gharama halisi za kubadilisha. Kubadilisha jina lote kwenye tiketi ya Ryanair kumekuwa kukigharimu zaidi ya pauni 100, mara nyingi kuliko nauli yenyewe.

Ukishapata viza na ukachagua bei nafuu, kumbuka kwamba mwenye pasipoti ya nje ya Ulaya mara nyingi hutakiwa kupita kaunta ya kukagua nyaraka kabla ya ukaguzi wa usalama, hata kama hana mzigo wa kukabidhi. Nimemwona mama wa Kisomali akirudishwa kutoka getini kwa sababu hakuna aliyemwambia, na ndege ikaondoka. Fika saa 1 mapema zaidi ya wenzako.

Na safari ya pwani yetu?

Naulizwa kila mwaka: mbona Ryanair hawaendi Mombasa au Zanzibar? Mtindo wao unaishi kwa safari fupi, ndege moja iruke mara nyingi kwa siku. Safari ya saa 9 au 10 inaifunga ndege mchana kutwa na wahudumu wake wanahitaji kulala huko. Norwegian ilijaribu bei nafuu kwa safari ndefu, ikaachana nayo Januari 2021. Kwa hiyo wanaoruka moja kwa moja kutoka Ulaya hadi pwani ni hasa watu wa mkondo wa pakeji, kama Condor kutoka Frankfurt na Neos kutoka Milan, ndege zinazojaza hoteli za Diani, Watamu na Nungwi.

Pwani inajua uzuri na uchungu wa ndege hizo. Mei 2014 serikali ya Uingereza ilipowashauri raia wake wasiende Mombasa bila sababu ya lazima, Thomson na First Choice, zote za TUI, ziliwarudisha wateja wao mamia mara moja na kufuta safari za huko hadi mwisho wa Oktoba. Mteja alilindwa kama sheria inavyotaka. Wapishi, madereva na wauza vinyago walibaki na msimu mtupu.

Kinachotufaa sisi ni kwamba baadhi ya ndege hizi huuza pia kiti peke yake, bila hoteli, na kwa anayekwenda kwa mama yake Likoni au Jambiani inaweza kuwa nafuu kuliko kuunganisha kupitia Doha au Addis Ababa. Angalia kilo za mzigo, kwa sababu mara nyingi ni chache kuliko tulizozoea kwenye mashirika ya Ghuba. Na angalia siku za kurudi kabla ya kulipa: ndege ni chache kwa wiki, na msiba au ugonjwa ukikuchelewesha, utasubiri siku kadhaa au utanunua tiketi mpya kupitia Nairobi au Dar.